Malalamiko: Mliniuzia Anemoni Mgonjwa Mkamwita Adimu

Mikocheni,
Dar es Salaam.

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Duka la Samaki wa Mapambo.

Ndugu Meneja,

YAH: ANEMONI ALIYEKUFA, NA MAJIBU YENU KWA BARUA YANGU YA KWANZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nashukuru kwamba mmejibu, maana kampuni nyingi hukaa kimya. Lakini katika jibu lenu kuna mambo mawili nisiyoweza kuyaacha yapite: kwamba anemoni wangu (mnyama wa baharini mwenye minyiri, anayefanana na ua) alikufa kwa kulishwa kupita kiasi, na kwamba hata hivyo anemoni "kwa kawaida huishi miezi michache tu".

Nianze na hilo la pili. Mwaka 1828 mwanasayansi wa Uskoti, Sir John Dalyell, alimchukua anemoni mmoja kwenye pwani ya Uskoti akaenda kumfuga Edinburgh katika chombo cha kioo. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni akapokewa na walezi wengine, akafa mwaka 1887. Ni kweli, yule alikuwa wa aina ya bahari zenye baridi, asiyehitaji taa kali wanayohitaji hawa wa miambani kwetu. Ila miaka 59 kwenye chombo cha kioo, enzi ambazo nyumbani hapakuwa na pampu ya umeme, inatosha kuonyesha kwamba kufa mapema si tabia ya mnyama huyu. Kama kwenu wanaishi miezi michache, tatizo litafutwe kwenye duka.

Sasa nije kwenye kiini cha malalamiko. Mliniuzia anemoni mweupe pe, minyiri yake ikiwa na ncha za zambarau. Kijana wenu wa mauzo alisema huyo ni "mweupe adimu", na ndiyo maana bei yake ilikuwa Sh 180,000 wakati yule wa kahawia aliyekuwa kwenye tangi la jirani aliuzwa nusu ya hapo. Risiti imeambatanishwa, na maneno "mweupe adimu" yameandikwa humo kwa mkono wa mtu wenu.

Anemoni wa jamii hii, Entacmaea quadricolor, hana weupe wa namna hiyo akiwa mzima. Ndani ya nyama yake wanaishi mwani wadogo mno wasioonekana kwa macho, na hao ndio wanaompa rangi ya kahawia au kijani. Mwani hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea mwenyeji wao. Maji yakipata joto kupita kiasi, mwanga ukiwa hafifu, au mnyama akisafirishwa vibaya, mwani hutoka au hufa, naye hubaki mweupe. Ndilo jambo lililoyapata matumbawe ya pwani yetu mwaka 1998, bahari ilipopata joto na miamba ikageuka myeupe kutoka Kenya hadi kusini mwa Tanzania. Hakuna mvuvi aliyeitazama miamba ile akaiita adimu. Anemoni mweupe ni mnyama mwenye njaa. Anaweza kupona, lakini kwa mwanga mzuri, maji yaliyotulia na vipande vidogo vya chakula, tena kwa mtu mwenye uzoefu. Nyinyi mlimuuzia mtu aliyewaambia mlangoni kwamba hajawahi kufuga hata samaki wa maji ya chumvi. Hapo ndipo niliponunua mbuzi kwenye gunia, na gunia mmelishona nyinyi.

Kuhusu kulisha: nyuma ya risiti hiyohiyo kijana wenu ameandika "kamba mzima kila siku". Mnyama alikuwa akimtapika kamba karibu kila mara, na nilipopiga simu dukani niliambiwa niendelee, "atazoea". Leo mnanilaumu kwa kufuata maandishi yenu.

Tena kuna suala la tangi lenyewe. Nilinunua kile mnachokiita kifurushi cha anayeanza: tangi la lita 60, chujio, utepe wa taa, mfuko wa chumvi, samaki klauni wawili (hao ambao baharini huishi kati ya minyiri ya anemoni) na anemoni. Fundi wenu alikoroga chumvi sebuleni kwangu asubuhi, na mchana wa siku hiyo wanyama wote walikuwa ndani. Mtu yeyote anayeuza wanyama wa maji ya chumvi anajua kwamba tangi jipya halina bado bakteria wa kubadili amonia (sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula) kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Huchukua wiki nne mpaka sita, wakati mwingine zaidi, kabla ya amonia na nitriti kushuka hadi sifuri. Hiyo ni kwa samaki wagumu. Kwa anemoni, wafugaji wenye uzoefu hushauri tangi likae miezi sita au zaidi likiwa limetulia. Fundi wenu hakuacha hata kipimo cha amonia. Nilikuja kukinunua mwenyewe baadaye, dukani kwenu.

Maji ya kwenye mfuko alioletewa anemoni niliyahifadhi kwenye chupa, na yalipopimwa yalionyesha chumvi gramu 27 kwa lita. Bahari ina takriban 35, na tangi langu lilikuwa 35. Fundi aliuacha mfuko uelee juu ya maji kwa dakika kadhaa, akammwaga anemoni ndani. Mnyama ambaye mwili wake hauna namna ya kudhibiti chumvi alipaswa kuzoeshwa tone kwa tone.

Alipokufa aliyeyuka, maji yakawa na ukungu na harufu ya kuoza, na klauni mmoja akafa usiku huohuo. Mwingine yuko hai na hana anemoni, naye hana shida yoyote. Klauni wa kufugwa hahitaji anemoni, ingawa tangazo lenu linasema "hawatenganishwi".

Nauliza pia swali ambalo barua yenu imelikwepa: anemoni huyu alitolewa wapi? Kijana wenu alisema "hapahapa visiwani". Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975. Sisemi mmechukua huko. Nataka kuona kibali cha aliyewauzia.

Ninachodai ni hiki: mnirudishie Sh 180,000 za anemoni pamoja na bei ya klauni aliyekufa, anemoni aondolewe kwenye kifurushi cha anayeanza, na waliobaki weupe dukani wasiuzwe kwa jina la adimu. Jumamosi nilipopita walikuwa bado wawili kwenye tangi la mbele, mmoja mdomo wake uko wazi na mguu wake haujashika jiwe, dalili kwamba hali yake ni mbaya. Wekeni hao chini ya taa nzuri, mfunike mdomo wa pampu kwa sifongo wasije wakavutwa wanapotembea, na msitie dawa ya shaba kwenye tangi lao, maana nimeona chupa yake juu ya kabati. Shaba inayotibu samaki huua wanyama wasio na uti wa mgongo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa anayouziwa. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitapeleka risiti, picha na ile chupa ya maji kwa Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mteja.

Viambatanisho: nakala ya risiti (mbele na nyuma), picha za anemoni, nakala ya jibu lenu.