Bado ni wifi yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika humu majuzi kwamba ndugu yako akishaacha mke, ukoo mzima nao umemwacha. Labda anakoishi yeye watu hupotezana. Mji wetu ni mdogo. Ukimkwepa mtu njia ya juu, utamkuta njia ya chini.

Kaka yangu na mkewe wameachana, huu mwaka wa pili. Nani mkosa sitayaanika gazetini, na kusema kweli yote siyajui. Ninachojua ni kwamba mwanamke huyo ndiye anayekaa dirisha la dawa, na mama yetu anameza dawa za presha kila siku, ajisikie vizuri asijisikie. Presha haingoji watu wapatane. Kila mwezi mimi ndiye ninayekwenda kuzichukua, na dirisha ni hilo moja.

Mara ya kwanza baada ya talaka nilipanga foleni macho chini. Zamu yangu ilipofika nikapitisha cheti bila neno. Akahesabu vidonge, akavifunga, kisha akachukua kalamu nyekundu akaandika juu ya pakiti, herufi kubwa kubwa: ASUBUHI. Maandishi madogo mama hayaoni. Siku ile hakuna aliyemkumbusha. Alilijua tangu alipokuwa akiishi nasi. Nikasema, "Ahsante, wifi." Lilinitoka lenyewe. Akajibu, "Msalimie mama," akamwita aliye nyuma yangu.

Sijafika nyumbani, kaka ameshapigiwa simu. Na nani, sijui. Tulikuwa watu tisa pale. Ameambiwa nimeonekana "nikicheka na mtalaka wake." Sikucheka, Mhariri. Lakini hata ningecheka?

Tulinuniana wiki nzima. Akataka niwe napanda basi nikachukue dawa mji wa jirani. Nikamuuliza, utakwenda wewe? Kimya. (Kaka si mtu mbaya, ila akiumia hutaka wote tuumie naye.) Mwishowe tulielewana: habari za huko simletei, na za kwake sizipeleki huko. Anayekuja kwangu na maneno namkaribisha akae, ila nikishaona mazungumzo yanaelekea huko, nakumbuka nguo zangu ziko kambani.

Kuna na mtoto. Hulala kwangu Jumamosi, na huniita shangazi tangu alipoanza kusema. Huyo msomaji wako anishauri nimwambieje: kwamba mama yake si kitu kwangu, ila yeye bado ni damu yangu? Ana miaka saba, na maswali yake si ya miaka saba.

Mwanzo wa mwezi nitakuwa tena kwenye foleni ile. Wenzangu mnaopanga nami, mkinisikia namwita wifi, akibeni vocha zenu. Kaka nitamwambia mwenyewe.

Shangazi mtu
(jina langu kamili unalo, Mhariri; lihifadhi)