Msimpeleke kwa mtendaji kwanza

Isevya, Tabora

Ndugu yangu Zuberi,

Salaam sana. Huku wazima, mvua bado inatuzungusha, na Mama Tatu ametoka hospitali, anakusalimu. Mengine baadaye, maana habari ya yule muuza mbegu imenishtua.

Unasema mfuko unadai mahindi yataota asilimia 90, ninyi mkaotesha punje 20 zikaota 16, basi ni tapeli, na Ijumaa mnamfikisha kwa mtendaji wa kata. Ngoja. Hata mbegu zikiwa za asilimia 90 kweli, ukiotesha 20, kupata 16 au pungufu hutokea kama mara 13 katika 100. Utamharibia mtu jina kwa hilo?

Ahirisheni wiki moja muoteshe punje 200. Zichotwe mifuko yote, hadi ya chini kabisa, siyo ule mmoja ulionyeshewa mvua stesheni. Zilazeni kwenye kitambaa kibichi, mhesabu siku ya 7. Nadharia tete ya kuanzia, yaani kauli tunayoipima, ni dai lake: asilimia 90. Yetu: ni pungufu. Kikomo cha kulikataa dai lake kiwe asilimia 5, yaani tulikatae tu kama matokeo mabaya hivyo yangetokea chini ya mara 5 katika 100 dai likiwa kweli, na kiandikwe leo, kabla hamjaona chipukizi. Mzee Kasimu akitaka kukisogeza baada ya kuhesabu, mkatalieni.

Tuseme zimeota 170, yaani 0.85. Zidisha 0.9 kwa 0.1, gawanya kwa 200, tafuta kipeuo cha pili: 0.0212, kiasi ambacho matokeo huyumba kwa bahati tu. Tumia 0.9 yake, siyo 0.85 yenu, kwa sababu kinachopimwa ni dai lake. Pungufu la 0.05 ukiligawanya kwa 0.0212 unapata z, yaani umbali wa matokeo kutoka dai lake, ya -2.36 (alama ya kutoa ni kwa kuwa yako chini ya dai). Imevuka -1.645, mpaka wa ile asilimia 5; dai lake likiwa kweli, kwa bahati mbaya tu matokeo kama hayo hutokea kama mara 1 katika 100. Hapo nendeni kwa mtendaji, nami nitapanda treni nije.

Zikiota 176, z ni -0.94, haikufika -1.645, hamna kesi. Wala haitakuwa imethibitika kwamba ni 90! Hata mbegu za 87 zinaweza kutoa 176. Ushahidi utakuwa haujatosha, basi.

Naumia nikifikiria wanakikundi waliokopa kununua mbegu hizo, lakini naye ana watoto. Punje 200 zitapatikana, au mmeshapanda zote? Mifuko mliihifadhi wapi? Tarehe ya kufungashwa inasomeka? Yeye mwenyewe mmemuuliza? Na Neema kajifungua? Nijibu kabla ya Ijumaa, tafadhali.

Wako,
Hamisi