Kumwita kibarua hakukuondolei wajibu

Mhariri,

Wenye biashara ndogo wengi huajiri kwanza, karatasi baadaye. Kabla mtu hajaanza kazi, jisajili kama mwajiri kwenye mamlaka ya kodi na mfuko wa hifadhi ya jamii, na uulizie bima ya ajali kazini. Leseni ya biashara peke yake haitoshi. Kumwita "kibarua" hakusaidii: ukimpangia saa, ukampa vifaa na kumsimamia, sheria za nchi nyingi humhesabu mwajiriwa.

Kosa baya kuliko yote ni kukata makato ya kodi na hifadhi ya jamii kwenye mshahara, kisha kuyanunulia bidhaa badala ya kuyawasilisha. Fedha hizo si zako, na riba hupanda kadiri unavyochelewa. Kwenye hati ya malipo andika mshahara ghafi (kabla ya makato), kila kato, na kinachobaki mkononi. Mfanyakazi asaini, naye abaki na nakala.