Shangazi, yale ya siku ya kumzika Babu

Shikamoo Shangazi,

Naandika hadharani kwa sababu nikikutumia kwenye simu utasema nimenuna. Sijanuna. Ila siku ile jeneza la Babu lilikaa uani kutwa, wachungaji wawili wakivutana nani aongoze ibada, na mpaka leo picha ile haijanitoka.

Huku London, mtaa wa Stoke Newington, kuna makaburi yanaitwa Abney Park. Yalifunguliwa 1840, wakati viwanja vya makanisa mjini vilikuwa vimejaa hadi maiti zinazikwa juu ya maiti. Kampuni binafsi zikaona biashara hapo, zikanunua mashamba pembezoni mwa jiji. Nyingi zilijenga kanisa la Waanglikana na lingine la madhehebu mengine, kila mtu na upande wake hata akishakufa.

Abney Park walikataa. Ardhi haikuwekwa wakfu na askofu yeyote, na katikati wakajenga kanisa moja tu kwa watu wote. Aliyelichora ni William Hosking. Ni la matofali, limekaa kama msalaba wenye mikono iliyolingana, hivyo hakuna upande mkubwa kuliko mwenzake. Mnara una futi kama 120. Chini yake kuna kibaraza cha kuingizia gari la farasi, jeneza lishushwe bila kulowa. Hapo ndipo nilipojikinga mvua juzi, nikakukumbuka.

Ukiona waliozikwa humo utacheka. William Booth na mkewe Catherine, wale walioanzisha Jeshi la Wokovu, wapo. Yupo pia Joanna Vassa, aliyefariki 1857, binti wa Olaudah Equiano, Mwafrika aliyekuwa mtumwa akajikomboa, akaandika habari za maisha yake. Mume wa Joanna alikuwa mchungaji, wamelala pamoja.

Sasa utaniuliza, kanisa zuri hivyo lilikuwaje gofu? Hesabu, Shangazi. Kaburi linauzwa mara moja, lakini majani yanaota kila mwaka. Viwanja vilipokwisha, mapato yakakauka, matumizi yakabaki palepale. Miaka ya 1970 kampuni ikafilisika, halmashauri ya Hackney ikarithi msitu wenye mawe ya makaburi ndani yake. Wahuni wakaingia, moto ukapita, paa likaondoka. Kwa miaka mingi waliohudhuria humo ni njiwa. Na kwa vile halikuwa la dhehebu lolote, halikuwa na askofu wa kulipigania wala waumini wa kulichangia. Hilo nalikubali kabla hujanirukia: cha wote huwa hakina mwenyewe.

Lakini wakazi hawakuliacha. Walikisumbukia kile kigofu miaka na miaka mpaka fedha zikapatikana, na mwaka 2023 likafunguliwa tena likiwa na paa. Kuta za ndani bado zina makovu, hawakuyapaka rangi. Nimelipenda hivyo hivyo.

Basi Desemba tukijengea kaburi la Babu, naomba tufunge turubai moja tu, siyo mawili kama siku ile. Mchungaji wako asome, wa upande wa Mama aombe, au kinyume chake, mtajuana. Hela ya turubai natuma mimi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.