Msiing'oe Mizabibu ya Baba

Napa, California
Oktoba 2024

Kaka Yohana,

Shikamoo. Nawasalimu nyote hapo Hombolo, na Mama kwa namna ya pekee, kwani nimefurahi kusikia kwamba miguu yake imepata nafuu. Mimi ni mzima. Msimu wa kuchuma umekwisha. Tulikuwa tukichuma usiku kwa mwanga wa taa ili zabibu ziingie kiwandani zikiwa baridi, na sasa nimepata usingizi, kwa hiyo msiwe na wasiwasi juu yangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho na nikaurudia. Umeomba fedha za trekta la kung'oa mizabibu na za mpima ardhi, ili shamba la juu likatwe viwanja, kwa hoja kwamba mizabibu imezeeka na kwamba tangu Serikali ihamie Dodoma ardhi ina bei kuliko zabibu. Hilo nitalijibu. Lakini kwanza niache nilijibu lile ulilolisema mbele ya Baba Mdogo na Shangazi, kwamba nimevuka bahari kuja kujifunza ulevi, kwa sababu liliniuma sana, na lilimfikia Mama kabla ya kunifikia mimi.

Kaka, mwaka huu nimeingizwa katika jopo la waonjaji la kiwanda ninachofanyia kazi. Nilianza hapa nikiosha mapipa, na leo ninaketi mezani na wataalamu kuamua pipa lipi lichanganywe na lipi. Tunaonja asubuhi, ulimi ukiwa bado haujachoka, na hakuna anayemeza: kila mtu ana chombo chake cha kutemea, maana anayemeza hawezi kufika mbali akiwa na akili ya kutofautisha. Kwanza tunainamisha bilauri juu ya karatasi nyeupe na kutazama rangi, kwa kuwa mvinyo mwekundu ukizeeka hupauka na kuelekea rangi ya tofali, ilhali mweupe ukizeeka hukolea na kuwa wa dhahabu. Kisha tunautikisa na kuunusa, tena kwa muda mrefu, kwani pua ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Ndipo tunapoonja na kupima utamu, uchachu, ukakasi, ukali wa pombe kooni, na muda ambao ladha inabaki baada ya kutema. Yote huandikwa. Katika miaka ya 1980 Profesa Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliyapanga maneno ya harufu za mvinyo katika gurudumu moja ili waonjaji waelewane, na mimi nimelisoma gurudumu hilo kama nilivyosoma katekisimu. Huo ndio ulevi wangu.

Nikueleze basi ninachokionja, maana hujawahi kuniuliza. Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe wa bonde hili, mara nyingi huchachushwa kwa ubaridi katika matangi ya chuma ili harufu yake isipotee. Unasikia balungi na majani yaliyofyekwa sasa hivi, na uchachu wake unakamata pembeni mwa ulimi hadi mate yanajaa kinywani. Chardonnay nao ni mweupe, lakini ni tofauti kabisa. Ule ninaoupenda unatoka Carneros, kusini mwa bonde, ambako ukungu wa ghuba ya San Pablo huingia usiku na kuzipoza zabibu, zikakomaa polepole bila kupoteza uchachu. Mtengenezaji akitaka, huwaachia bakteria waigeuze asidi kali, ile iliyomo katika tufaha bichi, kuwa asidi laini iliyomo katika maziwa ya mgando, na hapo ndipo harufu ya siagi inapotokea. Pipa jipya la mwaloni huongeza vanila juu yake. Wapo wanaozidisha mwaloni hadi unaonja ubao na zabibu huisikii tena, na mvinyo wa namna hiyo siupi alama nzuri hata bei yake ikiwa kubwa.

Kwa upande wa mwekundu, unakumbuka kwamba mchuzi wa zabibu zetu ukikamuliwa upesi hutoka karibu hauna rangi. Rangi na ukakasi vimo katika maganda na mbegu, na ndiyo maana mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja navyo. Pinot Noir ni mwepesi, unaona vidole vyako kupitia bilauri. Cabernet Sauvignon, ambao ndio fahari ya Napa, ni mzito na mweusi kwa wekundu; una harufu ya zambarau zilizoiva, tumbaku na mbao ya mwerezi, na ukakasi wake unashika fizi kwa nguvu lakini bila kukwaruza, iwapo zabibu zilichumwa zikiwa tayari. Zikichumwa mapema, unasikia pilipili hoho mbichi na kinywa kinakauka vibaya. Ni mvinyo wa kusubiriwa miaka, na nimeonja wa zamani ambao ukakasi wake ulikuwa umelainika hadi nikanyamaza.

Ninaotaka uuzingatie, Kaka, ni Zinfandel. Ni mtamu wa harufu, una matunda yaliyochemshwa kuwa jamu, pilipili manga, na pombe inayopasha kifua. Kwa muda mrefu watu wa hapa waliuona kuwa wao peke yao, lakini mwaka 2001 Profesa Carole Meredith wa Davis na wenzake wa Kroatia walithibitisha kwa vinasaba kwamba ni zabibu ileile ya pwani ya Dalmatia iitwayo Crljenak Kaštelanski. Ulio bora kati yake hutoka kwenye mizabibu mikongwe ya Lodi na Sonoma, humu humu California, mingine ilipandwa kabla ya mwaka 1900. Shina moja limekuwa nene kuliko paja la mtu mzima na linazaa vishada vichache tu, lakini ladha yake ni nzito, na umri huo huandikwa kwenye lebo ili mnunuzi alipe zaidi. Wewe unaniambia mizabibu aliyoipanda Baba miaka ya 1980 imezeeka, kwa hiyo ing'olewe!

Najua utasema hii ni Marekani. Basi ujue kwamba na hawa walidharauliwa. Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza, Steven Spurrier, aliwakusanya waonjaji wa Kifaransa jijini Paris wakaonja mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuona lebo. Katika mweupe iliongoza Chardonnay ya Chateau Montelena ya mwaka 1973, na katika mwekundu Cabernet ya Stag's Leap Wine Cellars ya mwaka huohuo. Aliyeitengeneza ile Chardonnay, Mike Grgich, alikuwa mhamiaji kutoka Kroatia. Chupa za mvinyo huo leo zimewekwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Nami nilifanya vivyo hivyo. Ile chupa ya Dodoma niliyorudi nayo nikaifunika kwa karatasi na kuiweka mezani pamoja na nyingine. Walisifu rangi, wakasifu uchachu, mmoja akauliza ni bonde gani lenye jua la namna hiyo. Kasoro waliyoiandika ilikuwa moja, kwamba ukakasi ulikuwa mbichi, yaani zabibu zilichumwa kabla ya wakati. Sikushangaa. Mkulima aliyeona zabibu zake zikioza mwaka ule ambao mnunuzi hakutokea, atamchumia yeyote atakayefika na gari, ziwe zimeiva au hazijaiva. Kosa si la ardhi wala la mizabibu. Hapa wanachuma mara moja kwa mwaka, sisi tunachuma mara mbili, halafu tunataka kuuza shamba!

Kwa hiyo fedha za trekta na za mpima ardhi sitatuma. Nitatuma za waya, nguzo, samadi na vijana wa kupogoa, kwa simu ya Mama, si kwa yako, na naomba usilichukulie vibaya. Desemba binti wa Mwalimu anakuja likizo, nimempa kipima sukari ya zabibu. Unatia matone mawili ya mchuzi juu ya kioo, unafunika, unatazama kuelekea mwanga na kusoma namba. Cabernet ya hapa huchumwa ikifika kati ya nyuzi 24 na 26 za Briksi, yaani kipimo cha sukari iliyomo katika mchuzi. Zetu sitaki kukisia. Pima kila baada ya siku chache kwenye mistari tofauti, andika daftarini, kisha unitumie picha, na Baba Mdogo awe shahidi.

Mwambie Mama kwamba ugali wa uwele na mlenda siupati hapa kwa bei yoyote, na kwamba harufu ya zabibu zikikamuliwa inanirudisha uani kwake kila msimu. Nisalimie Shangazi, na umweleze vizuri habari ya chombo cha kutemea.

Mdogo wako,
Neema