Kabla Hujalipa Kodi ya Nyumba

Hombolo, Dodoma

Mwanangu,

Marahaba. Huku tu wazima, ila bibi yako miguu inamsumbua. Shangazi yako ndiye aliyetuambia kwamba kibali kimetoka na wiki ijayo unavuka Tunduma. Nilifurahi, kisha nikakasirika kidogo, kwamba habari imezunguka Mbeya nzima ndipo inamfikia aliyekulipia ada. Hayo tuyaache. Kanisani nimemtajia kila mtu kwamba mwanangu ni mhasibu Zambia, hata wasiouliza.

Picha ya nyumba nimeiona. Vyumba viwili, maji ndani, karibu na kazini, kodi nafuu. Nilikuuliza jambo moja kwenye simu ukacheka: iko upande gani wa upepo? Mufulira ni mji wa kuyeyusha shaba, na nyumba ya karibu na tanuru haiwi nafuu hivihivi.

Kemia uliikimbia ukaniachia aibu mbele ya walimu wenzangu, kwa hiyo leo vumilia. Shaba ya huko imefungamana na salfa. Mawe yakichomwa, salfa inashikana na oksijeni na kutoka kama gesi, salfa dayoksaidi, yenye harufu ile inayokukaba ukiwasha njiti ya kiberiti. Ikishatoka kwenye bomba la moshi haibaki vilevile. Jua hutengeneza hewani chembe kali ziitwazo haidroksili, nazo huigeuza gesi ile polepole kuwa asidi ya salfuriki. Kwenye hewa kavu kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Ikiingia kwenye wingu au ukungu, matone ya maji yana haidrojeni peroksaidi, na hapo saa chache zinatosha. Ndiyo maana kiangazi cha huko, Mei hadi Oktoba, wanaoishi jirani hupata gesi yenyewe, juu ya majani, mabati na vifua. Mvua zikianza Novemba inashuka asidi, pamoja na kila kilichokuwa kimetua juu ya paa. Tabia yetu ya Dodoma ya kukinga kila tone, iache huku.

Kuna mtaa huko unaitwa Kankoyo, upande moshi unakoelekea. Kwa miaka mingi wakazi wake wamelalamikia mabati kuoza na bustani kukataa kuota. Najua utaniambia siku hizi gesi inanaswa na kugeuzwa asidi ya kuuza. Ni kweli, na ni heri. (Tena ajabu, ukanda huohuo wa shaba huagiza salfa kupitia bandari ya Dar es Salaam ili kutengeneza asidi ya kuchenjulia madini. Na mimi hapa salfa hiyo naitafuta kwa hela nipulizie zabibu zisipate ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe.) Lakini udongo ulionyeshewa asidi miaka na miaka haurudi haraka. Kalsiamu na magnesiamu huoshwa zikaenda, alumini iliyokuwa imetulia kwenye udongo ikaachiwa, ikachoma mizizi. Norway na Sweden alumini hiyo ilitiririkia maziwani ikaharibu matamvua ya samaki, na sehemu kubwa ya moshi wenyewe ulitoka nchi nyingine, Uingereza ikiwemo. Sudbury kule Kanada, mji mwingine wa kuyeyusha madini, walijenga bomba la moshi la mita 381, likaanza kazi mwaka 1972. Mji ukapata nafuu, gesi ikasafiri mbali zaidi. Walipopunguza gesi yenyewe, na kuanzia 1978 wakamwaga chokaa na kupanda miti, ndipo kijani kikarudi. Kwa hiyo mtu akikuambia bomba lao ni refu, usimsikilize. Muulize upepo.

Sehemu kubwa ya mwaka upepo wa huko hutoka mashariki na kusini-mashariki, kama huu unaotujazia vumbi hapa. Nyumba iliyo magharibi ya tanuru, hata wakupe bure, kataa.

Kifua chako unakijua. Mwenye pumu akivuta gesi hii, njia za hewa hubana ndani ya dakika chache. Barakoa ya kitambaa haiizuii, gesi inapita tu. Inhela ikae mkobani. Juni na Julai, baridi ya alfajiri hulaza hewa chini na moshi hauna pa kupandia, basi funga madirisha mpaka jua lipande. Mama yako anasema kifua hicho hakikusubiri shaba, kilianzia kwenye jiko letu la kuni. Mtungi wa gesi ulifika nyumba hii mdogo wako akiwa anatembea. Sibishani naye.

Usidhani pia kwamba hatari ni ya Mufulira peke yake. Moshi wa magari una oksaidi za naitrojeni, na jua likizipiga pamoja na mvuke wa petroli hutokea ozoni, gesi kali nyingine, hapahapa chini tunapovuta hewa. Huko California, mwaka 1958, wataalamu walieleza madoa meusi madogo juu ya majani ya mizabibu kuwa kazi ya ozoni. Magari ya Dodoma mjini yanaongezeka na jua tunalo la kutosha, basi siku hizi napekua majani yaliyokomaa moja moja. Mpaka sasa nimeona ubwiri unga tu. Mama yako anasema natafuta ugonjwa usiokuwepo.

Mizabibu tumeshaipogoa. Aliyechukua zabibu msimu uliopita hajamaliza kulipa, kwa hiyo ada ya mdogo wako nimelipa nusu. Ukipata mshahara wa kwanza usijibane, lakini ukijaliwa mkumbuke. Tangi limepasuka kwenye koki, fundi anakuja kesho, au ndivyo anavyosema tangu juzi. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha.

Kodi usilipe ya miezi sita. Lipa mwezi mmoja, kaa, simama nje asubuhi na jioni uone moshi unakwenda wapi, kisha uamue. Mwenye nyumba akikataa, tafuta mwingine. Pesa ya tofauti nitakutumia mimi, usimwambie mama yako.

Ukinunua laini ya Zambia, mimi niwe wa kwanza kupata namba. Na mdogo wako anadai umeondoka na koti lake la shule. Kama ni kweli, mpe kondakta wa basi la Dodoma kabla hujavuka, maana jingine sinunui.

Baba yako