Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Dodgers Wakiwa Kambini Arizona, Machi 2025

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, na ninyi nyote ndugu wanachama wa chama chetu cha mashabiki wa Los Angeles Dodgers tunaozungumza Kiswahili hapa kusini mwa California: nawasalimu kwa heshima.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awasilishe taarifa ya mwaka kabla msimu mpya haujaanza. Mahesabu ya chama mtayapata kwa Mweka Hazina, na mimi nitajikita katika jambo lililotukutanisha, yaani timu yenyewe: ilikotoka, hali yake sasa ikiwa kambini Glendale, na tunachoweza kukitarajia. Hii ni mara ya kwanza tangu tuanzishe chama hiki kwamba taarifa ya mwaka inasomwa Dodgers wakiwa mabingwa wa besiboli wa Marekani, na sitaficha kwamba nimeiandika kwa furaha kubwa.

Furaha hiyo imechanganyika na majonzi. Tarehe 22 Oktoba 2024, siku 3 kabla ya fainali kuanza, alifariki Fernando Valenzuela, mrushaji (yule anayemtupia mpigaji mpira) kutoka Meksiko ambaye mwaka 1981, akiwa katika msimu wake wa kwanza kamili, alitwaa tuzo ya mchezaji mpya bora pamoja na ile ya Cy Young inayotolewa kwa mrushaji bora. Wengi wetu tuliohamia mji huu tulielezwa habari zake na majirani zetu wa Kimeksiko kabla hata hatujajua kanuni za mchezo, na ni kwa sababu yake kwamba mgeni anaweza kuingia Dodger Stadium na kujiona yuko nyumbani. Kisha mwezi Januari mwaka huu ukaja moto wa Palisades na Altadena. Wanachama walioguswa na janga hilo wanajua kwamba milango ya wenzao iko wazi, na Katibu anaendelea kupokea michango.

Sasa niingie katika mwaka uliopita, kwa kuwa bila kuuelewa hatuwezi kuelewa kinachofanyika kambini leo. Watu wanaukumbuka msimu wa 2024 kwa ajili ya Shohei Ohtani, na wana haki: mpigaji yule alimaliza na homurani 54, yaani mipira aliyoipiga ikavuka uzio, na vituo 59 vya kuiba, yaani alivyovikimbilia bila kungoja mpira upigwe, jambo ambalo hakuna mchezaji aliyewahi kulifikia katika ligi kuu. Wanaukumbuka pia kwa ajili ya Freddie Freeman, ambaye kwa kifundo cha mguu kilichoumia aliupeleka mpira juu ya uzio vituo vyote vikiwa vimejaa wenzake, kipindi cha 10 cha mchezo wa kwanza wa fainali dhidi ya Yankees. Nilikuwa nimesimama wakati mpira ule unaondoka, na sikumbuki nilikaa lini.

Hata hivyo, naomba tusisahau ubingwa ule ulipatikana na warushaji wangapi. Timu ilishinda michezo 98 na kushindwa 64, rekodi bora kuliko zote, lakini ilipofika Oktoba ilikuwa imebakiwa na warushaji wa kuanza, yaani wale wanaoanza mchezo, 3 tu: Yoshinobu Yamamoto, ambaye mwenyewe alikuwa amekaa nje karibu miezi 3 kwa maumivu ya bega, Jack Flaherty, aliyeletwa mwishoni mwa Julai, na Walker Buehler, aliyekuwa ndiyo kwanza anarejea kutoka upasuaji wa kiwiko na kuhangaika msimu mzima. Tyler Glasnow alikuwa nje kwa kiwiko, Gavin Stone kwa bega, Clayton Kershaw kwa mguu, na Ohtani hakuwa amerusha mpira hata mmoja katika mechi mwaka mzima kwa sababu ya upasuaji wa Septemba 2023. Katika mfululizo wa mtoano dhidi ya Padres wa San Diego, timu ikiwa imebakiza mchezo mmoja itolewe, kocha Dave Roberts aliwatumia warushaji 8 kwa zamu katika mchezo wa nne na kushinda 8 kwa 0, na tangu hapo hadi mwisho wa mfululizo ule Padres hawakupata mkimbio, yaani pointi, hata mmoja. Katika mchezo wa mwisho wa fainali, tarehe 30 Oktoba mjini New York, Flaherty aliondolewa mapema, Yankees wakawa mbele 5 kwa 0, na baada ya kusawazisha na kupitwa tena ndipo tulipopata 7 kwa 6. Aliyefunga kipindi cha 9 alikuwa Buehler, ambaye alikuwa ameanza mchezo wa tatu siku 2 tu kabla.

Ninayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu naamini kila uamuzi uliofanywa na uongozi wa timu katika majira ya baridi ni jibu la upungufu ule. Bingwa mwingine angeridhika na kuwabakisha waliopo. Hawa walimsajili Blake Snell, mshindi wa Cy Young mara 2, kwa miaka 5 na dola milioni 182. Wakamchukua Roki Sasaki, kijana wa miaka 23 kutoka Chiba Lotte Marines ambaye Aprili 2022 alirusha mchezo mzima bila mpigaji hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Katika kundi la warushaji wa akiba, wanaoingia baada ya mrushaji wa kuanza kutoka, wakaongeza Tanner Scott kwa miaka 4 na dola milioni 72, na Kirby Yates kwa mwaka mmoja, huku wakimbakiza Blake Treinen. Kershaw naye, baada ya upasuaji wa mguu na goti mwezi Novemba, amerudi kwa mkataba wa mwaka mmoja ingawa hatuwezi kumtarajia miezi ya mwanzo. Buehler amekwenda Boston na Flaherty amerudi Detroit. Tunawashukuru wote wawili, na Buehler hasa, ambaye jina lake litatajwa katika mikutano yetu kwa miaka mingi.

Wapo wanachama walioniandikia wakiuliza kama ni haki timu moja kutumia fedha kiasi hiki, na mmoja amesema waziwazi kwamba anaona haya kuvaa kofia ya buluu mbele ya wafanyakazi wenzake. Swali hili ni la kweli na linastahili jibu la kweli. Ligi kuu ya besiboli haina kikomo cha mishahara. Ina kodi inayozidi kupanda kadiri timu inavyopita kiwango kilichowekwa, na Dodgers wanailipa. Mikataba yao mingi inaahirisha malipo: katika dola milioni 700 za Ohtani, milioni 680 zitaanza kulipwa mwaka 2034. Utaratibu huo umo ndani ya kanuni na timu yoyote inaruhusiwa kuutumia, lakini ni dhahiri kwamba timu ya mji mkubwa yenye mapato makubwa ya televisheni inauweza kwa urahisi kuliko nyingine, na sioni sababu ya sisi mashabiki kujifanya hatulioni hilo. Hata hivyo, suala la Sasaki ni tofauti. Kwa kuwa hajafikisha miaka 25, kanuni zilimweka katika kundi la wachezaji chipukizi wa kimataifa, na fedha alizopewa wakati wa kusaini ni dola milioni 6.5, kiasi ambacho timu zote 30 zilikuwa na uwezo wa kukikaribia. Alichagua alikoona atafundishwa vizuri zaidi. Fedha zinaeleza mengi kuhusu Dodgers, ila hazielezi yote.

Warushaji na wadakaji waliripoti Camelback Ranch tarehe 11 Februari. Kwa wanachama wapya, Camelback Ranch ni uwanja ulioko Glendale, jirani na Phoenix, ambao Dodgers wanautumia pamoja na Chicago White Sox tangu mwaka 2009. Kabla ya hapo, kwa miongo 6, kambi yao ilikuwa Vero Beach, Florida. Kutoka Los Angeles ni mwendo wa kiasi cha saa 6 kwa gari, na kundi letu lililosafiri mwaka huu linakubaliana nami kwamba raha ya kambi haiko katika mechi za mchana bali katika viwanja vya nyuma asubuhi, ambako unamsikia mdakaji akimwelekeza mrushaji na kuona mchezaji wa mamilioni akirudia zoezi moja kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Nawasihi tusihukumu timu kwa matokeo ya mechi za kambi. Wachezaji wakubwa hupiga mara 2 au 3 kisha wakatoka, michezo hukamilishwa na vijana ambao wengi wao msimu utawakuta katika ligi ndogo, na mrushaji anaweza kutumia siku nzima kujaribu mpira wa aina moja tu, akapigwa vibaya, na akaondoka ameridhika. Vinavyofaa kutazamwa ni afya na mikono.

Kwa kipimo hicho, habari nyingi ni njema. Ohtani, aliyefanyiwa upasuaji wa bega la kushoto Novemba baada ya kuteguka katika mchezo wa pili wa fainali, alipiga homurani mara ya kwanza kabisa aliposimama kupiga kambini, tarehe 28 Februari. Kuhusu kurusha kwake, benchi la ufundi linakwenda polepole: atakwenda Tokyo, tunakofungulia msimu, kama mpigaji tu, na atarudi kurusha baadaye. Naunga mkono uamuzi huo bila kusita. Amefanyiwa upasuaji wa kiwiko hichohicho mara 2, na hakuna mchezo wa Aprili unaostahili kuhatarisha mkono ule. Sasaki alionekana kwa mara ya kwanza tarehe 4 Machi dhidi ya Cincinnati, akarusha vipindi 3 bila kuruhusu mkimbio na kuwatoa wapigaji 5 kwa straiki, yaani kila mmoja kwa straiki 3. Mpira wake unaoanguka ghafla mbele ya mpigaji ni kitu ambacho televisheni haikionyeshi sawasawa. Freeman, aliyefanyiwa upasuaji wa kifundo Desemba, amerudishwa taratibu.

Linalonitia wasiwasi ni kundi la warushaji wa akiba, maana Michael Kopech, Evan Phillips na Brusdar Graterol wote wanaanza mwaka wakiwa majeruhi, na hao ndio waliobeba mzigo mzito Septemba au Oktoba. Scott na Yates watalazimika kuziba pengo mapema kuliko ilivyopangwa. Pia namfikiria Mookie Betts. Mchezaji huyu ana Glavu za Dhahabu 6, tuzo za ulinzi bora, kama mlinzi wa upande wa kulia, na sasa, akiwa na miaka 32, anapewa nafasi ya shotistopu, mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu, kwa msimu mzima, nafasi ambayo mwaka jana aliishika kwa muda hadi alipovunjika mkono mwezi Juni. Nimemtazama akiokota mipira ya chini asubuhi, na miguu yake ni myepesi. Urushaji wake kuelekea kituo cha kwanza ndio utakaoamua. Wapo waliotumaini kwamba Hyeseong Kim, aliyesajiliwa kutoka Korea Kusini, angechukua kituo cha pili moja kwa moja baada ya Gavin Lux kuuzwa Cincinnati. Kim ni mlinzi hodari, lakini wanambadilisha namna ya kupiga, na nadhani ataanzia ligi ndogo. Halitakuwa jambo baya kwake.

Wanachama wetu wenye asili ya Uganda wameomba niseme neno juu ya jambo linalowagusa. Mwaka 2022 Dodgers waliwasajili vijana 2 wa Kiganda, Ben Serunkuma na Umar Male, wote warushaji. Miaka 10 kabla yake, timu ya watoto kutoka Lugazi ilikuwa ya kwanza ya Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, huko Williamsport, na mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, akiwa na Pittsburgh. Safari kutoka kambi za vijana hadi Dodger Stadium ni ndefu na wengi huishia njiani, kwa hiyo sitaahidi chochote. Nasema tu kwamba siku mtoto wa Afrika Mashariki atakapopanda kilima cha mrushaji akiwa na jezi ile, kamati yenu itakodi basi.

Matarajio yangu ya msimu ni haya. Hadi msimu huu wa 2025 unapoanza, hakuna timu iliyotetea ubingwa tangu Yankees waliposhinda mara 3 mfululizo kati ya 1998 na 2000. Katika kundi letu la magharibi, Arizona wamempata Corbin Burnes, na Padres walitufikisha ukingoni Oktoba iliyopita. Naamini Dodgers wataongoza kundi, lakini naamini pia kwamba kutakuwa na wiki za Mei au Juni ambapo nusu ya warushaji wetu watakuwa kwenye orodha ya majeruhi na watu wataanza kulaumu. Mpango wa kuzungusha warushaji wa kuanza 6 badala ya 5, ambao unafanana na utaratibu Yamamoto na Sasaki walioukulia Japani wa kurusha mara moja kwa wiki, umetengenezwa ili mikono hiyo ifike Oktoba ikiwa mizima. Kupoteza michezo kadhaa Mei kwa ajili hiyo ni bei ninayoikubali.

Msimu unafunguliwa dhidi ya Chicago Cubs katika Tokyo Dome tarehe 18 na 19 Machi, Yamamoto akianza mchezo wa kwanza dhidi ya Mjapani mwenzake, Shota Imanaga. Kwa saa za hapa ni saa 9 na dakika 10 usiku, na kwa ndugu zetu walioko Dar es Salaam na Nairobi itakuwa saa 7 na dakika 10 mchana, hivyo wataona mchezo kwa raha kuliko sisi. Tutakutana nyumbani kwa Makamu Mwenyekiti kuanzia saa 8 na nusu usiku. Chai ya tangawizi na maandazi vitakuwepo, na kila mwenye thermosi anaombwa aje nayo. Mchezo wa kwanza nyumbani ni tarehe 27 Machi dhidi ya Detroit, na wanaohitaji tiketi za kundi wawasiliane na Mweka Hazina kabla ya Ijumaa ijayo.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti